Mama Anatafuta Kitanda Home

Nyamitaba, tarehe 3 Septemba 2018

Mwanangu Umulisa,

Nakusalimu kutoka huku kwetu kwenye baridi. Uko mzima? Lile tumbo la mwaka jana limetulia? Sisi tunapumua, Mungu ametushika. Mjomba wako Kayitare anakusalimu na maharagwe yamekubali mvua. Barua hii nimempa Viateur, yule anayeswaga ng'ombe wa mjomba wako kwenda soko la Mubi, kwa sababu simu unaijua mwenyewe: mpaka tupande juu ya kilima kutafuta rezo, na kila anayechunga pale anasikia mambo yako yote.

Nina maswali. Kuna mtu wa hapa amepata diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, mwaka huu, anataka kuja kusoma biolojia kwenye Institut yenu ili arudi kufundisha hapa Nyamitaba. Mwalimu Godelieve anazeeka na hakuna wa kupokea chaki yake. Huyo mtu ni mwanamke, na anaogopa mambo mengi. Home, hilo bweni lenu la wasichana, inalaza wangapi chumba kimoja? Kama vitanda ni vya juu na chini, mwenye magoti mabaya anaweza kupewa cha chini? Wanaolala humo ni watu wa makabila gani? Mtu wa ng'ombe kama sisi analala karibu na mtu wa mashamba bila kuulizwa babu yake alitoka wapi? Wakipika mbuzi, yule ambaye kwao wanawake hawali mbuzi anafanya nini? Na je, wanamcheka mtu aliyechelewa kidogo kuanza?

Wewe mwenyewe kitanda chako kiko chumba gani? Anaweza kuwekwa karibu nawe? Usinijibu kwa mistari miwili kama kawaida yako.

Mama yako,
Libérata

Mubi, tarehe 15 Septemba 2018

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwenye joto la msitu. Mimi mzima, na tumbo limetulia. Wewe mgongo unaendeleaje? Jibini uliyotuma ilifika salama na ikaliwa siku hiyo hiyo, hata ganda halikubaki.

Mwambie rafiki yako asijisumbue sana. Home wanalala wengi chumba kimoja, vitanda vya juu na chini, na anayefika kwanza anachagua. Kuhusu magoti, Mama, mtu anayeanza masomo ana magoti gani? Wasichana wa mwaka wa kwanza wanaruka kama ndama. Chakula wanapika kwa zamu, na asiyekula mbuzi anakula majani ya sombe kama wengine.

Makabila yote yako: Wanyanga, Wakumu, Wahunde, Washi, na sisi wachache wa kutoka kwenye ng'ombe. Siku za kwanza maswali yapo, hilo siwezi kukuficha. Mimi waliniuliza kama nimekuja na fimbo. Baadaye mitihani inakaribia, kila mmoja anatafuta anayejua hesabu, na mambo ya babu yanasahaulika mpaka uchaguzi wa wajumbe wa wanafunzi.

Waliochelewa wanachekwa, ndiyo. Kuna mama mmoja aliingia mwaka jana wakawa wanamwita Bibi. Aliacha masomo kabla ya Pasaka. Kama huyo wako ana umri, mwambie afikirie mara mbili. Na kwangu asitegemee, chumba chetu kimejaa kabisa.

Ni nani lakini? Umuhoza wa kwa Kagabo?

Binti yako,
Umulisa

Nyamitaba, tarehe 27 Septemba 2018

Mwanangu,

Salamu zangu zikukute umekaa. Kama umesimama, kaa kwanza.

Huyo mtu si Umuhoza. Ni mimi.

Najua sasa umeshika kichwa. Godelieve amenifundisha jioni kwa muda mrefu, maziwa yakishaondoka, watu wakidhani tunapanga mambo ya kwaya. Nilifanya mtihani Masisi pamoja na wale waliosoma bila shule. Nyumbani niliaga kwamba naenda semina ya wamama wa parokia, Mungu anisamehe. Siku ya kwanza kijana wa Kagabo alinipisha mlangoni kwa heshima zote akidhani nimekuja kusimamia mtihani. Nilipokaa kwenye dawati la karibu naye, nusura aangushe kalamu.

Mimi nilitolewa shule darasa la tano vita vilipofunga njia. Nikaolewa na baba yako, nikakuzaa wewe. Baba yako sasa amepumzika, wewe unasoma, ng'ombe wana mjomba wako. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba kila nilipokununulia daftari nilikuwa naona wivu. Leo nakuambia.

Kwa hiyo waniite Bibi, nitaitika. Kilichoniumiza katika barua yako si hicho, ni kwamba uliandika kama mtu anayeeleza nyumba ya jirani. Lakini labda ni haraka zako. Karatasi za kujiandikisha nimekwisha zituma. Chumba chenu kama kimejaa, tutalala kitanda kimoja, wewe kichwa huku na mimi kule, kama ulipokuwa mdogo.

Mama yako,
Libérata

Mubi, tarehe 9 Oktoba 2018

Mama,

Nimekaa chini, na bado nimekaa. Shikamoo yangu uipokee hivyo hivyo.

Nilipofika pale ulipoandika kwamba ni wewe, nilitoka nje nikarudi. Nikampa mtu mwingine barua aisome, aniambie kama macho yangu yameona vizuri. Alisoma polepole, akasema: «Ni yeye. Mama yako iko nakuja kusoma. Tena biolojia.» Kisha na yeye akakaa chini.

Mama, ninajivuna juu yako mpaka nalia, na naogopa, vyote pamoja. Maana sasa lazima nikuambie huyo mtu ni nani.

Mimi siishi Home. Nilitoka humo tangu mwaka jana, na yale niliyokujibu niliwauliza wasichana wengine. Ninakaa na mwanaume katika nyumba ya mbao nyuma ya Institut. Huku wanaita yaka tofanda, kukaa pamoja bila mahari na bila wazee kujua. Jina lake ni Pierre Byamungu. Ni Muhunde wa kile kilima kinachotazamana na chetu. Baba yake ndiye mwenye lile shamba la maharagwe ambalo ng'ombe wetu waliliingia mpaka mapanga yakatolewa. Sikumtafuta kwa sababu hiyo, na wala sikumkimbia. Ananiheshimu, Mama. Kila siku ananiuliza lini atatuma wazee kwenu, na mimi ndiye nimekuwa nasema ngoja kwanza nimalize.

Na bado sijamaliza kukushtua. Byamungu ni asistanti. Botaniki ya mwaka wa kwanza ni yake yote, hakuna mwingine hapa anayeifundisha. Atakuwa mwalimu wako.

Niandikie neno hata moja, hata la kunitukana.

Binti yako,
Umulisa

Nyamitaba, tarehe 18 Novemba 2018

Umulisa,

Uko mzima? Mimi siko mzima. Viateur amekwenda na kurudi kutoka Mubi na nikamwambia sina barua, kwa sababu kweli sikuwa na la kuandika.

Karatasi yako ilinikuta na chombo cha maziwa mkononi. Yote yalikwenda chini. Unajua katika nyumba yetu maana ya kumwaga maziwa. Mjomba wako alikuja mbio kuuliza nani amekufa, nikamwambia hakuna, ni mguu umeteleza. Nilikuwa nimesimama wima.

Nilikasirika kwa sababu ya uongo. Nikakasirika tena kwa sababu ya lile shamba la maharagwe, maana mkono wa mjomba wako bado una alama ya siku ile. Hayo mawili nimeyatembeza na ng'ombe milimani, na yakapungua. Kijana hakushika panga, alikuwa mtoto wa shule kama wewe. Lakini la tatu halikupungua, na ndilo linanikosesha hamu ya chakula.

Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Wewe umelelewa hapa, unalijua. Nikimwona anakuja ninaingia kwenye majani mpaka apite. Sili mbele yake. Simtaji jina, na yeye hanitaji langu. Mama yangu aliingia kaburini bila kuuona vizuri uso wa baba yako, na walipendana sana, kila mmoja upande wake wa ukuta. Sasa niambie, nitakaaje mbele ya mkwe wangu aniandikie ubaoni, aniulize swali, anipe alama kama mtoto? Nikifanya hivyo nimekwisha sema mbele ya watu wote kwamba huyu si kitu kwangu. Na kama si kitu kwangu, wewe unafanya nini katika nyumba yake?

Kwa hiyo ni moja. Ama awe mkwe na mimi nibaki Nyamitaba na diploma yangu ukutani, ama awe mwalimu na wewe utoke humo. Masomo yanaanza mwezi ujao. Amua.

Mama yako

Mubi, tarehe 29 Novemba 2018

Mama,

Nakusalimu kwa moyo mzito. Sitauliza habari ya afya, nimeielewa.

Nilimsomea Byamungu barua yako. Nilitegemea acheke, au akasirike, maana amesoma mpaka Kisangani. Aliikunja barua vizuri, kisha akasema: «Mama yako iko na haki. Hata kwetu iko vile.» Akaniambia mama yake mdogo alirukia mtaro uliojaa maji siku alipokutana na mkwe wake sokoni. Akasema ataomba aachishwe lile somo. Nikamuuliza nani atalifundisha, akahesabu wenzake kwenye vidole, akaishia kwake mwenyewe. Likikosa mwalimu, mwaka wote wa kwanza unakwama, na wewe ndani yake.

Mimi nina hasira, Mama, na nitaisema. Kwa nini desturi ya njia za ng'ombe inatufuata mpaka ndani ya oditwari tunamosomea? Watu wa kilima hiki na watu wa kile wameshindwa kukubaliana juu ya mpaka, juu ya maji, juu ya maharagwe, lakini juu ya kunitenga mimi na huyu wanakubaliana vizuri kabisa.

Lakini nimeamua. Nimekumbuka ulichosema juu ya madaftari. Wewe umengoja tangu kabla sijazaliwa, na mimi siwezi kuwa wa pili kukutoa shuleni. Nimefunga mizigo yangu. Nitatafuta mahali kwa Joséphine-Marie, tunasoma naye. Byamungu analia, sijawahi kumwona mwanaume akilia hivyo, na bado amesema nikutii. Njoo usome. Atakuwa mwalimu wako tu.

Usiniulize tena kama niko mzima.

Umulisa

Mubi, Home ya wasichana, tarehe 11 Desemba 2018

Mwanangu,

Nakusalimu kutoka karibu. Barua hii ameibeba msichana wa chumba changu, aliyeniambia kwamba bado hujahama, na njia ya kuja kwako ni fupi, hata muwa huwezi kuumaliza. Nilifika juzi pamoja na Viateur na ng'ombe. Usishangae sikupiga hodi kwako, utaona sababu ukisoma mpaka mwisho.

Sasa mimi ndiye nikueleze Home, kwa kuwa wewe uliielezwa. Paa linavuja upande wa mlango. Vitanda vya chini vilikuwa vimeisha, nikapanda juu na magoti yangu, wakanisukuma wawili kwa nyuma huku wakicheka, na mimi nikacheka. Kuna Mnyanga, kuna Wakumu wawili, na Mshi anayekoroma. Waliniuliza babu yangu alitoka wapi. Nikawauliza kama wanataka jibini, na wakaahirisha swali. Bibi wameniita siku ileile. Jana mmoja alikuja chini ya kitanda changu kulia mambo ya mchumba wake, kwa hiyo nadhani kazi ya Bibi nimeipata.

Leo asubuhi tulikuwa na botaniki.

Niliingia oditwari nikiwa na hasira zote. Barua yako ilikuwa imeniuma, hasa pale uliposema huwezi kuwa wa pili kunitoa shuleni. Lakini nilijiambia umekwisha amua, na hata mimi nimekwisha amua. Akiniita, nitaitika kwa sauti kubwa, nitamtaja na jina lake, «Présente, Monsieur Byamungu», na hapo mambo yawe yamekatika mbele ya mashahidi. Nilikaa nyuma.

Aliingia. Mwembamba, shati limepigwa pasi vibaya, macho mekundu. Akaanza kuita majina kwenye orodha. Msichana aliye kabla yangu aliitwa, akaitika. Lililofuata lilikuwa langu. Orodha ilikuwa mkononi, kidole chake kiko kwenye jina langu, na mdomo haukufunguka. Watu wakaanza kugeuka. Kijana mmoja wa mbele akamwambia: «Asistanti, unaruka mutu.»

Akageuka, akatupa mgongo, akauangalia ubao. Akasema: «Sikuruka mutu. Niko namungojea.»

Umulisa, nilipigwa na bumbuazi. Mtoto wa lile shamba, mbele ya wanafunzi wake wote, kwenye kazi yake, alikataa kulitamka jina langu. Angeweza kuliita, maana wewe ulikuwa umekwisha amua kumwacha na hakuna ambaye angemlaumu. Wenzangu walidhani amesahau kusoma. Sisi wawili tu tulijua alichokuwa anakisema.

Nikavuta kitenge, nikafunika uso wangu, nikajibu jina ambalo halikuitwa: «Présente.»

Wakacheka, wakisema Bibi anaona haya. Yeye hakucheka. Mabega yake yalishuka kama ya mtu aliyetua mzigo, akachukua chaki. Alifundisha somo lote akiangalia ubao, na mimi niliandika kila kitu kupitia upenyo wa kitenge. Mwaka utakuwa mrefu, na shingo yake itaumia, lakini atazoea.

Wazee wake waende kwa mjomba wako kabla ya Noeli. Kayitare nimempata kwa simu leo mchana akiwa juu ya kilima, alipiga kelele, sasa ametulia. Mimi kwenye nyumba yenu siwezi kukanyaga, ndiyo maana naandika. Ukitaka kuniona njoo Home, kitanda cha juu, upande usiovuja.

Fungua hiyo mizigo, mwanangu.

Mama yako,
Libérata