Hita ya Fungate

Alhamisi, 2 Julai 1987

Jigari limevuja tena. Leo si mafuta, ni maji. Yametoka chini ya kiti, yakafika mpaka mlangoni, yakalowesha godoro jipya la Saumu ambalo hata halijalaliwa. Baba Saumu yuko uvunguni, kalala chali na tochi mdomoni, ananiambia si kitu. Kwake yeye hakuna kitu ambacho ni kitu.

Yule Mjerumani wa Shelly Beach alikuwa na akili zake. Alikuja Kenya na gari-nyumba hili, likamchosha, akapanda ndege akarudi kwao. Akamwachia mume wangu Sheikhan, huyo huyo Baba Saumu, kama zawadi kwa kumlindia kiwanja. Zawadi! Limekokotwa kwa trekta mpaka uani kwangu, likasimama pale pale nilipokuwa naanika nguo. Injini imekufa. Ndani mna kitanda, meko, bafu ambalo mtu mwenye mwili kama wangu akiingia lazima atoke kinyumenyume. Na hita ya maji. Hita ndiyo iliyotoboka.

Ningecheka, lakini Saumu ameshatoa neno lake. Harusi ni tarehe 24. Fungate atakaa hapa kwetu, siku zote saba, kama wasichana wote wa nyumba hii — ila ndani ya jigari. Mlango wake, bafu lake, maji ya moto yanayotoka ukutani. Hataki ndoo. Hataki kukatiza ua alfajiri kajitanda kanga, na shangazi yake Barke yuko mkekani anasikiliza nani kaoga janaba na nani hajaoga, ili saa moja mtaa mzima uwe na habari. Bila maji ya moto humo ndani, anakwenda Shanzu, kwenye hoteli anayofanya kazi Mohdhar, mchumba wake. Atakaa fungate kama mtalii. Mimi hata uji sitampikia.

Mwanangu ni huyu mmoja. Sitaki aende Shanzu. Basi.

Jumamosi, 4 Julai

Sheikhan kamleta fundi Ngumbao kutoka Kisauni. Kaja na mkoba mkubwa kuliko maarifa. Alipoifungua hita, kijitangi cha maji kinachochemshwa kwa gesi, kama debe la samli, akatangaza kwamba imeliwa na chumvi ya maji ya kisima. Likoni nzima inajua kisima chetu kina chumvi. Chai yetu yenyewe ina chumvi.

Kaziba tundu kwa risasi ya kuyeyusha. Wanaume wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Magharibi tundu likafunguka, na la pili kando yake.

Jumatatu, 6 Julai

Baba Saumu anataka hita ile ile. Jina lile lile, rangi ile ile. Atamwandikia Mjerumani ailete kwa meli. Nikamuuliza itafika lini. Akasema meli zinakuja kila wiki, yeye kafanya kazi bandarini, anajua. Nikamuuliza ikifika itatiwa maji gani. Akarudi uvunguni na tochi yake. Maana itatiwa maji yale yale, iliwe vile vile, na wakati huo Saumu keshapata wajukuu.

Alhamisi, 9 Julai

Jana ilikuwa zamu ya wifi yangu Barke. Yeye hana haja ya hita. Pipa jeusi, asema, liwekwe juu ya paa la gari, jua lifanye kazi yake bure. Kumbe akili anayo, alikuwa kaihifadhi! Pipa likapandishwa na watu wanne. Saa tisa alasiri maji yalikuwa moto hasa, Barke kaingiza mkono mpaka kwenye bangili, kanitazama.

Leo alfajiri nimepanda ngazi nikaingiza wangu. Baridi tupu. Huu ni mwezi wa saba, kusi inavuma usiku kucha. Nikamwambia, wifi, labda maarusi waoge saa tisa alasiri. Akasema zamani watu hawakuwa na haraka ya kuoga ndani ndani, wakioga pakajulikana, na ndoa zikadumu.

Najua zamani. Ndoo za fungate yangu alizibeba yeye, na kila ndoo aliitolea kigelegele. Nilikaa mwaka mzima siwezi kuwatazama wanawake wa mtaa huu usoni.

Jumamosi, 11 Julai

Mohdhar kaja. Shikamoo mama, shikamoo shangazi, adabu nyingi, viatu vinang'aa. Kaleta hita ya umeme iliyotolewa chumba fulani hotelini. Nyeupe, nzuri, na kijitaa chekundu. Ngumbao kavuta waya kutoka sebuleni, kaupitisha dirishani, kauchomeka.

Kijitaa kikawaka. Nyumba ikazimika. Friji, redio, feni, vyote. Jirani zetu pia, maana tunagawana laini moja. Sheikhan akasema kwa utulivu kwamba hita ni nzuri, nyumba ndiyo mbovu.

Saumu alikuwa mlangoni. Hakucheka. Alimwambia Mohdhar taratibu aulizie hotelini chumba kinachotazama bustani. Nikasikia.

Jumanne, 14 Julai

Nimewaachia wanaume vya kutosha. Leo nimekwenda mwenyewe.

Mohdhar alisema hoteli inauza vitu vilivyotolewa nyumba za wafanyakazi, zimo hita za gesi za kutundika ukutani. Nikavuka feri, nikafika Shanzu jua kali. Mtu wa stoo kanitazama kanga na makubazi, kaniambia kazi za kufua zimejaa. Nikamwambia nimekuja kununua, si kufua. Hakuomba radhi, alikohoa tu.

Mimi napika maulidi na harusi kwa meko ya gesi, najua moto wa gesi. Hii haina tangi. Maji yanapita kwenye bomba la shaba lililozungushwa juu ya moto, yanatoka yamechemka papo hapo. Ukifunga bomba, moto unazima wenyewe. Hakuna tangi, hakuna cha kutoboka upesi. Wanaume wawili na fundi mmoja, wiki mbili, hakuna aliyewaza hilo! Nikamwambia aiwashe niione. Akaiwasha pale pale stoo, kando ya jenereta lao linalonguruma. Maji yakatoka yanafuka. Nimechukua.

Njiani nimejisikia fahari, nisiseme uongo.

Ijumaa, 17 Julai

Vita. Sheikhan anataka itundikwe ndani, juu ya kitanda, ionekane. Kama picha ya babu yake. Ngumbao anaunga mkono, maana nje atatakiwa kutoboa bati. Nikawaambia gari hilo ni sanduku, madirisha mawili yanafunguka na matatu yamekwama, na moto wa gesi unakula hewa. Kuna watu walilala na jiko la makaa chumbani wasiamke. Mwanangu hatalala na moto kichwani. Itatundikwa nje, ukuta wa nyuma, au nawarudishia akina Mohdhar mahari yao.

Ikatundikwa nje. Upepo ukaizima kila ilipowashwa. Nikaagiza iundiwe kibanda cha mabati, pande tatu na paa. Ngumbao akakiunda huku ananung'unika kwamba mama huyu angekuwa mhandisi. Alikusudia kunikejeli. Sikumpa chai ya pili.

Jumamosi, 18 Julai

Tumejaribu leo mbele ya watu wote. Ua ulikuwa umejaa: wanawake wanatwanga bizari, wengine wanakuna nazi, redio inaimba taarabu, watoto wanalia. Saumu akaingia bafuni, akafungua bomba. Akatoa mkono dirishani, unafuka mvuke. Kisha akatoa kichwa, anacheka, kaniita mama yangu, mama yangu.

Ameniambia Shanzu basi. Anakaa nyumbani.

Barke alikuwa anachagua mchele. Hakuinua macho. Nilipita mbele yake mara tatu bila sababu yoyote.

Alhamisi, 23 Julai

Sijui niandike nini.

Leo singo. Somo yake Saumu, kungwi wake Bi Nyamvula, kamsugua mwili mzima kwa liwa na maua ndani ya jigari, sisi wengine tukipumzika uani baada ya isha. Kazi zimekwisha, redio imezimwa, watoto wamelala. Kimya, upepo tu. Kisha Saumu akafungua bomba ajisuuze.

Hita ikalipuka. La, haikulipuka. Iliwaka. Lakini ilianza kwa kishindo, halafu ikanguruma ndani ya kile kibanda changu cha mabati, mabati yakatetemeka, mbwa wa ng'ambo ya barabara wakabweka. Mpaka alipofunga bomba. Kisha akafungua tena, kishindo tena.

Jenereta la Shanzu. Vinu vya Jumamosi. Makelele hayo yaliifunika, hatukusikia, hata mmoja wetu. Tulipima joto, tukapima upepo, tukapima gesi. Kitu chenyewe mtoto alichokitaka, yaani asisikiwe, hatukukipima.

Kwanza alicheka mmoja. Halafu mkeka mzima. Barke akangoja wamalize, akasema kwa sauti ya upole kabisa:

"Alhamdulillahi. Sasa mimi sina haja ya kukaa mlangoni. Nitalala zangu kitandani, hita itanambia."

Saumu akatoka na nywele zinadondosha maji. Hakuwatazama wao, alinitazama mimi. "Mama, ndiyo hii?"

Sheikhan kasema ni sauti ya nguvu, kitu chenye nguvu lazima kiseme. Ningempiga na mwiko. Ukitoa mabati, upepo unazima moto. Ukiiingiza ndani, ni hatari. Ngumbao yuko matangani Kaloleni. Na harusi ni kesho.

Saumu alisema, bila hasira, kwamba Mohdhar bado anaweza kuulizia kile chumba. Nikamshika mkono. Nilimwomba. Mimi, Mwanakheri, niliyewacheka watu wote tangu mwezi uingie, nilimwomba mwanangu asiondoke, nikamwambia siku saba tu, nataka nikupikie siku saba. Akasema haya, mama.

Ijumaa, 24 Julai

Ameolewa. Pilau haikuungua. Miguu imevimba. Wameingizwa ndani ya jigari kwa nyimbo na udi, mlango ukafungwa. Barke aliimba vizuri, lazima nikiri. Sauti ile angeitumia kwa mambo ya maana!

Jumamosi, 25 Julai

Barke alisema atalala kitandani kwake. Adhana ya alfajiri imemkuta mkekani, na jirani wawili kando yake wanamenya vitunguu saumu. Nani anamenya vitunguu saumu alfajiri? Wote wametazama upande mmoja, kama watu wanaongoja feri.

Hita kimya.

Watu wamekwenda kuswali, wamerudi. Kimya. Jua limetoka, kuku wametoka. Kimya. Barke akaanza, pole pole, kwanza kwa kushusha pumzi. Kisha akasema kwamba vijana hawa wa hotelini wamezoea kubeba trei. Kisha kwamba mtu haozeshi kwa viatu vinavyong'aa. Jirani wakaguna. Nimesikia jina la Mohdhar limepita kinywa hadi kinywa kabla hata chai haijaiva, na wakimaliza naye watahamia kwa Saumu, hao ndio wao.

Baba Saumu kaja na wasiwasi wake mwenyewe: labda gesi imekwisha. Anataka kwenda kuiwasha ahakikishe! Nimemkamata kanzu mgongoni, nikamketisha, nikamtia mkate wa mofa mkononi.

Nikazunguka nyuma ya jigari nikijidai nawatupia kuku punje. Chini kuna lile bomba la maji machafu, linamwaga mchangani. Linadondosha. Mchanga wote umelowa mpaka ukutani, na juu yake povu la sabuni, na harufu ya asumini. Nikaweka vidole. Baridi kama kisimani.

Wameoga. Wameoga wote wawili, maji mengi namna ile, na kusi inavuma, wala hawakuwasha kitu. Mwanangu amesimama ndani ya kile kijibafu siku ya kwanza ya ndoa yake, anaoga maji ya baridi na meno yake yanagongana, asisikiwe. Kwa sababu mimi nilitaka kumpikia. Nimelia kidogo pale nyuma. Kisha hasira ikanijia, na hasira ni bora, inafanya kazi.

Nikaenda jikoni nikachukua karai la maji ya masufuria ya jana, mafuta na punje za pilau, nikayamwaga yote juu ya lile povu. Povu lingewafunga midomo, lakini mwanangu hakutaka ijulikane, basi isijulikane. Nikarudi nikamwaga la pili. Barke akaniuliza kutoka mkekani naosha mchanga? Nikamwambia ndiyo, wifi, umechafuka.

Sasa niko jikoni, nimekaa juu ya mbuzi ya kukunia, daftari magotini, mlango wazi. Uji wao uko motoni. Nitausindikiza na mahamri mpaka mlangoni kwao, nibishe mara moja, niondoke bila kutazama.

Barke kasimama. Si kuja huku — anazunguka nyuma. Yuko pale pale. Anatazama chini.

Anasema, bila kugeuka, "Mwanakheri, maji ya sufuria hunukia asumini?"

Nimemwambia aje anywe chai. Hakuja. Amekunja kanga, ameinama, amechukua mchanga kidogo kwa vidole viwili, ameunusa. Kisha amenitazama, moja kwa moja, kupitia mlango huu. Simtazami kwa jeuri leo. Namtazama tu.

Wale wa mkekani wanamwita. Bi Barke, kuna nini huko nyuma?

Kigelegele kiko kooni mwake, nakiona. Anawatazama wao, ananitazama mimi. Vidole vyake bado vimeshika mchanga. Hajawajibu.