Kidole Gumba cha Kuume

Jumatatu, 4 Machi
Maji ya moto na chumvi, kama kila asubuhi. Vidole vinalegea. Baada ya saa moja vinakaza tena. Kidole gumba cha kuume ndicho kibaya zaidi, pale kwenye shina lake. Dokta alisema viungo vimelika, havitarudi kama vilivyokuwa. Miaka mingi nimepiga mashine ya kuandika ofisini. Leo nimeshindwa kufunga vifungo vya shati. Mke wangu Espérance angenifungia. Amekufa tangu Agosti. Nimevaa fulana.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepaka pomade ya famasi. Inasaidia kidogo. Komprime, vidonge vya maumivu, zinasaidia zaidi, lakini tumbo linawaka. Nimechagua komprime. Ujinga, najua.

Jumapili, 10 Machi
Binti yangu Furaha amepiga simu kutoka Butembo. Nimesema niko muzima. Uongo. Misa sikuenda. Sikutaka watu wanishike mkono wakati wa kutakiana amani.

Jumanne, 12 Machi
Sufuria ya maji ya moto imeniponyoka. Mguu umeungua. Nimekaa sakafuni muda mrefu. Ningemwita nani? Jirani, Mama Nabintu, alisikia kishindo, mwishowe akaingia bila hodi.
“Muzee! Na wewe unanyamaza tu?”
Nikalia mbele yake. Aibu. Akanipandisha pikipiki hadi lopitali.

Ijumaa, 15 Machi
Dokta amenikataza komprime kwa sababu ya tumbo. Sindano ya kwenye kiungo ipo, lakini anasema nafuu yake ni ya muda. Tunaanza na atele, kifaa cha kushikilia kidole kisipinde, na pomade, na mazoezi kwa kiné, mtaalamu wa kunyoosha viungo. Nilitaka dawa ya kumaliza. Hakuna. Nimekasirika njia nzima.

Jumapili, 17 Machi
Nimemwambia Furaha yote.
“Papa, ungeniambia.”
Anataka nihamie kwake. Sitaki kuacha kaburi la mama yake.

Jumanne, 26 Machi
Atele imenisaidia kuliko vyote nilivyojaribu. Nikiivua maumivu yanarudi, ila si makali kama zamani. Kwa kiné nimekuta muzee mmoja wa mtaa wa Ndosho, seremala, naye mikono imemkatalia. Hatukuweza kupeana mikono. Tukagusana viwiko.
“Mama wa nyumbani yuko?” akauliza.
“Alikufa.”
“Wangu pia.”
Mvua ikaanza. Mazoezi yetu yalikuwa yamekwisha. Tulikaa kwenye benchi hadi ikakatika, kisha tukakaa tena kidogo.