Boga Halinyooshewi Kidole

Bethany Pen,
Saint Elizabeth,
Jamaika.
17 Novemba 1996

Mpendwa mdogo wangu Verona,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani, na magoti yako yanaionaje baridi ya Toronto? Shemeji Alton kikohozi kimemwachia? Mimi mwili mzima, moyo ndio bado.

Umeniandikia tena nifunge nyumba nije kwenu kabla ya Krismasi. Jibu nitakupa, ila kwanza nikupe habari za bustani, maana tangu mume wangu Egbert atutoke mwezi Agosti ndiyo ninayozungumza nayo.

Mvua za Mei zilipoanza, Egbert alipanda mbaazi, viazi vikuu na maboga, akiutazama mwezi kama kawaida yake. Mimi nikapanda zile mbegu za maua ulizonitumia. Haikuchipua hata moja. Alinicheka mpaka basi: "Bibi wee, maua yako yanangoja theluji." Julai ikawa kavu, akawa ananinyang'anya maji ya kuoshea vyombo ayapelekee maboga.

Na unajua alivyokuwa na maboga yake. Boga changa halinyooshewi kidole, litaanguka. Huonyeshwa kwa ngumi. Hata mchungaji alipokuja kulisifu moja, alikoromewa: "Mchungaji, rudisha kidole mfukoni. Mimbari yako, maboga yangu."

Siku ya mazishi uani palijaa. Kila aliyekuja aliuliza Egbert alianguka wapi, na mimi nikawa nanyoosha kidole kule kwenye matuta ya maboga. Sikuwa na akili ya kukumbuka. Wiki ile ile maboga machanga yakaanza kudondoka, moja baada ya jingine.

Jirani yetu Zefania alikuja kunifariji. Akasema, "Dada Cilda, ni jua tu hilo." Nikamjibu kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Alicheka, mimi nikashindwa. Verona, niliyalilia maboga yale kuliko nilivyolia kaburini. Nilijiona nimempoteza mume mara mbili.

Mvua za Oktoba zilichelewa, lakini zilikuja. Mmea mmoja wa boga ambao haukufa umetambaa, ukapita nyuma ya jiko hadi kwenye kaburi lake, pale kando ya mama yake, na umezaa miguuni pake. Zefania alitaka kuukata, eti ni kumkosea marehemu heshima. Nikamwambia, "Ukate uone. Mwache mwenye boga alilinde boga lake."

Mbaazi nazo zimetoa maua. Krismasi nitazipika na wali wa nazi, za mwisho alizopanda kwa mkono wake. Nitakula peke yangu, lakini nitakula.

Kwa hiyo siji, mdogo wangu. Usininunie. Asubuhi nyumba ni kimya mno na upweke unaniuma, sikufichi. Lakini huko kwenu nitakuwa kama yale maua yako huku.

Nisalimie Alton, na mwanao Marlene mwambie shangazi zake wa kanisani wanamuulizia. Mungu awatie joto huko mliko.

Njoo wewe mvua za Mei. Watu bado hupita wakiniuliza Egbert amelazwa wapi. Nawaonyesha kwa ngumi.

Dada yako akupendaye daima,
Icilda