Mtoto wa Horini Yuko Kitandani kwa Binti Yangu

Binti yangu amemchukua Mtoto Yesu wa parokia, amejifungia naye chumbani, na hataki kumrudisha, na Noeli ndiyo hiyo mlangoni!

Mpendwa mshauri Annamma, naomba msaada, na salamu uzipokee sasa baada ya habari, unisamehe, maana mimi nikianza salamu huwa sifiki kwenye jambo. Naitwa Rosakutty, wa huku mlimani kwenye mashamba ya mpira, liandike jina langu lote usilifiche, hakuna asiyenijua, keki yangu ya Noeli huulizwa hata na Padre, matunda yake huyaloweka kwenye ramu tangu mvua kubwa hazijakatika, na nyumba yetu ndiyo ya kwanza kuimbiwa kila mwaka waimbaji wanapopita na ngoma na sanamu ya Mtoto Yesu mikononi ili kila nyumba imbusu.

Nina mtoto mmoja tu, Jincy, lakini mmoja wangu ni kama kumi wa wengine. Ni muuguzi, amesoma kwa pesa ya utomvu wa mpira aliougema baba yake alfajiri kwa alfajiri, akafanya kazi Kuwait, na hata madaktari wa huko walikuwa wakimwita wakishindwa kupata mshipa. Mume wake Shibu bado yuko huko. Walikaa miaka tisa bila mtoto, mshauri, na watu walinisema mpaka nikawa nachelewa kwenda Misa makusudi ili nisikae nao uani mwa kanisa, kwa hiyo Jincy aliposhika mimba nilimtangazia kila mtu, aliyeuliza na asiyeuliza, na ulipofika mwezi wa saba tukaenda kumchukua ukweni aje ajifungulie kwangu kama ilivyo desturi, nikapeleka masinia ya vitamu hadi mama mkwe wake akasema, “Rosakutty, mmebakiza sukari mjini?” nami nikamjibu, “Sukari ipo, mkwe mwenzangu, ila mjukuu kama huyu hayupo.”

Nilisema atazaliwa Noeli. Nilimwambia katekista Pailo kwamba mwaka huu parokia isihangaike na sanamu, hori litapata mtoto anayepumua. Nilisema hivyo mbele ya watu, wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote.

Alizaliwa kabla, katikati ya mfungo wetu wa Majilio, wakati hatuli nyama wala samaki wala yai. Msichana. Hakulia.

Kwetu wazee wanasema mtoto asiyebatizwa haombolezwi, hapigiwi kengele, hana siku ya arobaini. Mume wangu Ouseph alimleta nyumbani amempakata kwenye gari akamzika mwenyewe upande wa chini wa shamba, Jincy akiwa bado hospitali, na mimi ndiye niliyesema tufanye upesi, watu wamefunga, tusiwaharibie Noeli yao. Nilidhani nafanya vyema.

Sasa nyumba yenye msiba kwetu haitundiki nyota ya taa ya Noeli wala haioki keki, majirani ndio huleta chakula. Lakini mimi nilikuwa nimeshaagiza nyota, fito za mianzi, karatasi nyekundu, kubwa kupita mlango wa kanisa, hakuna iliyowahi kuonekana huku. Nikasema ikiwa hakuna msiba basi nyota itundikwe. Ouseph akapanda mfenesi, akaitundika, na Jincy alipoletwa kutoka hospitali alishuka kwenye gari akainua macho akauliza, “Amma, hiyo ni ya nani?” Nikamwambia, “Ya Yesu, mwanangu, ya nani tena?” Akaingia ndani. Tangu siku hiyo analala ameelekea ukutani.

Basi juzi waimbaji wakaja. Nilitaka kuwazuia, halafu nikaona wataanza kwa Eliyamma jirani yangu, naye atasema mwaka huu nyumba yetu imerukwa, nikatoka barazani nikawapigia kelele, “Imbeni kwa nguvu, hapa hakuna tatizo!” Kunjumon mpiga ngoma akasema, “Ammachi, divai iko wapi? Koo limekauka!” nikamwambia, “Imba kwanza, ulevi baadaye, mbwa wewe,” watu wakacheka, ngoma ikalia, na katekista Pailo akaingia na Mtoto Yesu kwenye sinia lenye kitambaa cha dhahabu. Mimi nikambusu. Ouseph akambusu. Mara Jincy akatoka chumbani, nywele hazijachanwa. Pailo, maskini, akamsogezea sinia akasema, “Busu, mwanangu, upate baraka.”

Jincy akamtazama yule Mtoto. Akasema, “Huyu mnampitisha nyumba zote abusiwe?”

“Ndiyo, mwanangu.”

“Wangu hakubusiwa na hata mmoja wenu.”

Akamnyanyua toka kwenye sinia, akamfunika kwa upande wa mtandio wake, akampakata kama anavyopakatwa mtoto wa kweli, mkono chini ya kichwa, akaingia chumbani akafunga mlango. Kunjumon bado alikuwa anapiga ngoma kwa sababu hakuona. Ilibidi mtu amshike mkono.

Waliondoka na sinia tupu, mshauri. Waliimbia nyumba zote zilizobaki na sinia tupu, na mimi niliwasikia mpaka bondeni.

Sasa kila mtu ana lake. Ouseph anasema tuvunje mlango, kisha anakaa mbele ya mlango huohuo analia. Eliyamma ameniambia kutoka ng'ambo ya ua, “Mpeleke kwa waombeaji, huyo ameingiwa na pepo,” nikamwambia mwanangu hajaingiwa na kitu, ana cheti cha uuguzi chenye mhuri, wewe wako ana nini? Pailo amekuja mara mbili, kwa upole, anasema Padre ana subira lakini hori haliwezi kukaa tupu usiku wa Noeli, watu watasemaje. Na mimi nimealika jumuiya yote kwangu, bata nimeshawaagiza, wanakuja wote siku ya Noeli mchana. Jincy hufungua mlango kuchukua uji tu. Nimechungulia. Amelala naye kifuani.

Mimi ni mama yake, nataka tu binti yangu achangamke na watu waone kwamba hatujaanguka. Nimtoeje yule Mtoto mikononi mwake bila kumuumiza? Nijibu kwenye gazeti la Jumapili hii tafadhali, ijayo itakuwa nimechelewa.

Rosakutty, mama yake Jincy muuguzi

*

ANNAMMA ANAJIBU

Mama mpendwa, uliniagiza niliandike jina lako lote. Nimekataa. Majina yote hapo juu nimeyabadilisha, na keki nayo ningeibadilisha kama ningejua namna, kwa sababu binti yako ana haki ya kwenda sokoni bila kutazamwa.

Kwanza pokea pole. Naianza kwako maana nimeitafuta katika barua yako nzima sikuona mtu aliyekupa. Ulikuwa bibi kwa miezi minane. Umefiwa, mama. Ukakimbilia kutundika taa.

Pili, nikukaripie, na uvumilie. Unauliza umtoeje yule Mtoto mikononi mwake. Humtoi. Umeshachukua mmoja mikononi mwa binti yako, tena wakati hakuwepo. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Umeandika Ouseph alimzika wapi. Hujaandika popote kwamba Jincy alionyeshwa. Hujaandika kwamba alimshika. Hujaandika jina. Ukubwa wa nyota umeuandika.

Unasema hakuna msiba kwa sababu mtoto hakubatizwa. Hebu niambie, wale watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode walibatizwa na nani? Maji hawakuyaona, jina la Kristo hawakuweza hata kulitamka, na Kanisa limewaita watakatifu na kuwapa sikukuu yao siku tatu tu baada ya Noeli, pale pale mifupa ya bata wenu ikiwa haijaondolewa mezani. Injili yenyewe haikuona haya. Mamajusi hawajafika kwao, zawadi hazijazoeleka, mara tunawasikia akina mama wanalia na hawataki kunyamazishwa. Kilio hicho kimo ndani ya Noeli tangu mwanzo. Sisi ndio tulioleta ngoma tusikisikie.

Na Majilio unadhani ni nini? Umenieleza matunda, ramu, masinia, mianzi. Majilio ni watu waliokaa gizani wakimngoja mtu ambaye hawana uhakika kama watamwona. Binti yako aliyelala ameelekea ukutani ndiye aliyeyashika Majilio kijijini kwenu mwaka huu. Ninyi wengine mlikuwa mnafunga nyama. Na Mungu aliyekubali kuwa kitoto cha kubebwa, sidhani analalamika amebebwa vibaya. Hakuja duniani kupitishwa kwenye sinia. Alikuja ashikwe na mwenye mikono mitupu.

Lakini usinielewe nusu. Sanamu si mjukuu wako, na Jincy analijua hilo kuliko wewe. Hana mwingine wa kushika, ndiyo maana ameshika huyo. Kwa hiyo fanya hivi.

Nyota ishuke leo, na aliyeipandisha ndiye aishushe. Usiichome, iviringe uiweke.

Mwite Shibu arudi. Kama hana ruhusa ya kazi aiombe kwa magoti, kitanda kile si cha mtu mmoja kukilalia na huzuni ya watu wawili.

Kisha nenda mlangoni kwa Jincy bila uji. Usimwambie achangamke, neno hilo lifute. Mwambie, “Nilikosea, mwanangu, twende nikuonyeshe alipolala.” Hata asipofungua siku ya kwanza, kaa hapo. Wewe unajua kusema sana, sasa ni zamu ya kukaa. Akitaka kwenda na yule Mtoto Yesu kifuani, aende naye. Mkifika, muulize jina. Usimpendekezee.

Kwa Padre nenda mwenyewe. Mwambie kuna sala za Kanisa kwa mtoto aliyefariki kabla ya ubatizo, zipo kitabuni, hazihitaji ruhusa ya wazee wa kijiji. Na mwambie kwamba usiku wa Noeli hori linaweza kukaa na majani yake tu. Watu watauliza. Waambiwe sababu, kweli yote, na wapige magoti mbele ya majani. Siku Jincy atakapomrudisha, amlaze kwa mikono yake, asisukumwe wala asipigiwe makofi. Asipokula wala kulala kwa wiki zijazo, mpeleke kwa daktari wa mambo hayo. Yeye ni muuguzi, anajua hiyo si aibu. Eliyamma mwachie waombeaji wake.

Karamu ya Noeli vunja. Kinywa kilichotangaza masinia ndicho kipite nyumba kwa nyumba kikiwaambia watu kwamba kwa Rosakutty kuna msiba, mwaka huu hakuokwi kitu, na mwenye kutaka kuleta chakula alete. Utaona haya, naam. Utaona pia jinsi watu watakavyolia pamoja nawe, maana wengi wao wana vilima vidogo vya udongo upande wa chini wa mashamba yao ambavyo hawajawahi kuvitaja.

Na usiache kualika, mama, najua hutaweza, ila badilisha siku. Waambie waimbaji waje bila ngoma, Pailo aje na maji ya baraka, Eliyamma aje hata kama ana neno, na kila mama mwenye mtoto ambaye hakubusiwa aje akiwa na jina lake mdomoni. Wakutane kwenu upande wa chini wa shamba, kwenye kile kilima kidogo cha mjukuu wako, baada ya Misa ya asubuhi, sikukuu ya Watoto Mashahidi, tarehe ishirini na nane Desemba.