Miwani Haikuniharibu Macho

Mjukuu wangu Akinyi,

Hapa Ndhiwa tuko salama, na babu yako amemaliza kupalilia mahindi. Umeniuliza kama miwani uliyoandikiwa itazidi kudhoofisha macho yako.

Nilipokuwa darasa la saba sikuweza kusoma ubaoni, na daktari akanipa miwani. Shangazi yangu akaniamuru niivue, eti itaniharibu macho na hakuna mwanamume atakayenioa. Nikamwambia, "Shangazi, leo nimeona majani ya mti ule, jani moja moja. Siivui." Alininunia mwezi mzima. Niliivaa kanisani, sokoni, hata siku ya harusi yangu. Haikuniharibu macho, nilibadilishiwa lenzi tu nilipokuwa nikikua.

Wakikucheka huko chuoni, watazame usoni uwaone vizuri.

Nyanya yako,
Perpetua