Neno Ulilomwachia Kirit

Ba,

Nakuita Ba, yaani mama, kama walivyokuita watoto wako, ingawa mimi nilikuwa mtu wa kukuogesha na kukupikia uji tu. Ulinikubali, ulisema, kwa sababu Kiswahili changu kilikukumbusha Tanga.

Asubuhi uliyofariki tulikuwa wawili tu chumbani. Kiingereza ulishakiacha, hata Kigujarati. Kilichobaki ni Kiswahili cha utotoni mwako. Ulisema umechoka. Ukaomba maji. Halafu ukanishika mkono ukasema, "Mwambie Kirit aje. Asipige hodi." Binti yako Hansa alifika baada ya nusu saa, nawe umeshakwenda.

Aliponiuliza mama amesema nini, nilimjibu kwamba ulisema umechoka, ukaomba maji. Kweli tupu. Kirit sikumtaja. Nilijua kaka yake huyo hakuja kumuaga baba yao alipofariki, nawe ukamfungia mlango miaka tisa, na Hansa alikuwa na hasira kukushinda hata wewe. Nilijiambia namwonea huruma. Ba, nilikuwa naogopa.

Siku ya kukuaga wewe, Kirit alikuja. Alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, hata koti hakuvua, akaondoka kabla watu hawajaanza kutoka. Hakuna aliyemsalimu. Nami nilikaa na neno lako mdomoni.

Sasa namtunza mzee mwingine, hapo hapo Neasden, mtaa wako wa London, na basi langu linapita mbele ya nyumba yako. Wiki tatu nilikuwa nageuza uso tukifika pale. Ndipo nikakumbuka kisa ulichonisimulia nikikupaka mafuta ya nazi kichwani, katika vile visa vyenu virefu vya wafalme wa kale na vita vya ndugu kwa ndugu. Mfalme ambaye hakuwahi kusema uongo, hata gari lake la farasi likawa haligusi ardhi. Vitani ikabidi mwalimu wake, aliyekuwa upande wa adui, avunjwe moyo. Watu wa mfalme wakamuua tembo mwenye jina sawa na la mwana wa mwalimu. Mfalme akatangaza kwa sauti kwamba mwenye jina hilo amekufa, na neno "tembo" akalisema chini kwa chini. Mwalimu akadhani ni mwanawe, akaweka silaha chini, akauawa. Papo hapo magurudumu ya mfalme yakashuka.

Nilikuuliza, kwani si walishinda vita? Ukacheka. "Walishinda, mwanangu. Ila tangu siku ile alitembea vumbini kama mimi na wewe." Kisha ukanieleza habari za Mwanaidi, jirani yako wa Tanga. Ulimuaga kwa kusema unakwenda London kumwona dada yako. Dada alikuwepo kweli. Lakini vitanda ulikuwa umeshauza.

"Alinisubiri," ulisema. "Huyo ndiye tembo wangu."

Basi Jumamosi moja nikashuka kituo cha kwako. Hansa alikuwa anakunja sari zako. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kwa nini nilinyamaza siku ya kukuaga, wakati kaka yake yuko pale mlangoni. Nikasema niliogopa. Aliingia jikoni akakaa huko muda mrefu, nikadhani ndio mwisho wangu katika nyumba ile. Kumbe alikuwa anapiga simu.

Kirit alikuja Jumapili iliyofuata. Mvi tupu, Ba. Mlango uliachwa wazi, lakini alisimama kizingitini kama mgeni. Hansa akanitazama. Nikamwambia Kirit maneno yako kama yalivyo, kwa Kiswahili chako. Yeye alizaliwa Tanga, hakuhitaji mkalimani. Aliketi kwenye ngazi na viatu vyake miguuni, akalia. Hansa, aliyezaliwa huku na kuyasikia kwa Kiingereza tu, akawa anauliza, mama kasemaje, kasemaje? Kaka yake akamtafsiria mwenyewe, mara mbili.

Hawajamaliza yao. Juzi walibishana kuhusu picha zako, nani achukue zipi. Lakini walibishana wakiwa meza moja, chai inapoa.

Hansa ameniomba nimfundishe Kiswahili. Tumeanza na "shikamoo", na ulimi wake unaikwaa kila siku. Pumzika, Ba, umetembea vya kutosha. Nakuahidi sitamwacha mpaka aweze kubishana na kaka yake kwa lugha yako.

Binti yako wa Tanga,
Neema