Livu Niliyoila Chini ya Lori

Mpendwa Mshauri Muthoki, nakuandikia kwa heshima na naomba msaada wako kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu kuna karatasi natakiwa kuitia sahihi na mkono wangu unakataa. Mimi ni dereva wa lori hapa Mbumbuni, nina mke anaitwa Kasyoka na watoto wanne, na nimeendesha lori la mtu mmoja kwa miaka tisa, huyo nitamwita Mzee Mutie ingawa si jina lake, ni mzee wa kanisa letu na ndiye aliyenunua mabati ya kanisa, kwa hivyo unaona mwenyewe mambo yalivyo magumu.

Mshauri, sijawahi kulipwa ovataimu hata siku moja, na mwaka juzi wa njaa tulipokuwa tukibeba mahindi ya manjano kutoka Mombasa hadi Kitui nilikuwa naendesha saa kumi na sita kwa siku, wakati mwingine kumi na saba, nikamwendea kwa adabu akaniuliza, "Wewe si umekaa tu? Gari ndiyo inatembea. Sasa nilipe gari ovataimu?" na mimi nikacheka, nilicheka kweli, nikarudi kwa usukani.

Lakini linaloniuma zaidi ni livu, yaani likizo yangu ya mwaka. Lori likiharibika njiani sisi husema limelala, na siku zote ninazolilinda mpaka spea ifike, Mzee huziandika kwenye kitabu chake cha livu, anasema, "Gari imelala, na wewe umelala. Hiyo kama si livu ni nini?" nami nikirudi natia sahihi. Mwaka jana difu, ile gia ya magurudumu ya nyuma, ilivunjika Kwa Vonza, nikakaa siku kumi na tisa chini ya lori nikilinda magunia na kupika uji kwa kopo, Kasyoka akaniletea blanketi akaniambia, "Baba Mumbua, watu wengine wakienda livu si hurudi wamenona?" nikamwambia anyamaze.

Miezi miwili baadaye mama yangu Kalondu akafariki, nikaomba siku tatu nikamzike, Mzee akafungua kitabu akasema, "Livu ya mwaka umekula yote. Kumi na tisa Kwa Vonza, na zile mbili ulikula Emali na pancha." Siku ya mazishi nilikuwa njiani kwenda Mombasa kupakia. Yeye mwenyewe alienda, akatoa gunia la mahindi, akasimama kando ya kaburi akaambia watu kwamba sikufika kwa sababu niko kazini, na watu wakamshukuru sana.

Sasa madereva wenzangu wawili, Nzuki na Daud ambaye ni Mwislamu wa kutoka Garissa, wanataka twende ofisi ya leba, ile ya serikali ya mambo ya kazi, Machakos tukadai ovataimu na livu zetu, na hawataki kwenda bila mimi kwa kuwa mimi ndiye wa zamani. Mzee amesikia, ameniita, ameniombea, kisha akatoa karatasi inayosema sina dai lolote, nikitia sahihi nitapewa lori jipya. Kasyoka amesema nikitia nikalale huko huko kwa lori. Je, si dhambi kumshtaki mzee wa kanisa? Na zile sahihi za kitabuni, si nilishajifunga? Kila mara niliandika pale kando nilikuwa wapi na nini kimevunjika, ili asidhani nilikuwa nazurura. Niombee, Mshauri.

Dereva, Mbumbuni

JIBU

Ndugu Dereva, jibu hili nimekutumia kwa posta pia, maana gazeti lingekukuta umeshatia sahihi.

Pole kwa mama. Nilipofika hapo niliweka kalamu chini, nikalia kidogo, halafu nikakasirika, na si kwa Mzee peke yake. Mtu mzima umelisha wilaya nzima, unaambiwa umekaa tu, unacheka? Ungemwambia akae yeye hapo kwa usukani, tuone mahindi yangefika Kitui lini.

Mzee wako ni fundi wa maneno. Ukilinda mali yake uko livu. Mama yako akizikwa uko kazini. Mimi ningekuwa na akili ya namna hiyo ningekuwa na malori pia.

Hujajifunga hata kidogo. Wewe kwa woga wako umejiandikia ushahidi ndani ya kitabu chake mwenyewe! "Livu, Kwa Vonza, difu imevunjika, nalinda magunia." Afisa wa leba akisoma hayo atauliza swali moja tu, kwamba hiyo ilikuwa livu ya dereva au ya lori. Usikiibe hicho kitabu. Mwambie afisa kipo, amwite Mzee aje nacho. Na tafuta karatasi zako za mizani ya barabarani, zile ambazo madereva wote huzisokomeza chini ya kiti, kwa sababu zina tarehe na saa, na saa ndizo ovataimu. Nzuki na Daud watafute zao. Mwende watatu, siku moja, asubuhi, na asiongee mmoja kwa niaba ya wote.

Karatasi ya Mzee usitie sahihi. Usimwambie utafikiria, kwa maana wewe ukifikiria unacheka. Sema hapana, na useme ukiwa umesimama. Huenda akawafukuza, na kesi huenda ikachukua miezi, sitakudanganya. Lakini lori jipya nalo litalala siku moja, na kitabu bado kina kurasa.

Kuhusu dhambi: baadhi ya mabati hayo yalinunuliwa kwa ovataimu yako, kwa hivyo Jumapili keti mbele. Mkeo amekuambia ukweli kwa maneno machache kuliko yangu, na hakutumia stempu.

Umeomba nikuombee. Nitaanza siku nitakayopata barua yako yenye muhuri wa posta ya Machakos.

Muthoki